Jua la Nyumba Nzima

Akina mama wapendwa, kila mahali tunapokutana na dada zetu walioolewa, swali hili halikosi kuulizwa: mume akiwa na mchezo anaoupenda, mke afanye nini? Kuna dada ambaye mumewe hupotelea kwenye mpira kila Jumamosi. Kuna mwingine ambaye wake hukaa kwenye bao mpaka watoto wamelala. Kwetu sisi ni gofu. Tena si gofu ya siku za joto tu, bali ya majira ya baridi, huku Uskoti, ambako mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri.

Tunaandika sisi wawili, mume na mke. Mmoja wetu anacheza, mwingine hachezi. Tumekubaliana tusiseme "mimi" katika ukurasa huu, kwa kuwa jambo lenyewe tulilipata wawili, na likisimuliwa na mmoja lingeegemea upande. Basi mtuvumilie tukijiita Baba na Mama, kama watoto wetu wanavyotuita.

Gofu iliingiaje nyumbani kwetu

Wengi husikia neno gofu wakafikiri utajiri. Baba hakuzaliwa katika utajiri wowote. Alikulia Mombasa, upande wa Nyali, na katika ujana wake alifanya kazi ya kedi, yaani kubeba mfuko wa fimbo za wachezaji. Wakenya wengi waliokuja kuwa wachezaji hodari walianza hivyo hivyo, wakibeba fimbo za wengine. Miezi ya kazi nyingi ilikuwa Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma na mvua zimekatika, kwa maana ndipo wageni kutoka Ulaya walipomiminika. Walikuwa wakiikimbia baridi ya kwao. Kijana kedi aliwashangaa. Mtu aache nyumba yake, apande ndege usiku kucha, eti aje apige mpira kwenye jua kali! Yeye alidhani baridi ya Ulaya ni kama ya Limuru mwezi wa Julai, ya kuvaa sweta na kuongeza tangawizi kwenye chai.

Mwaka 2006 tulihamia Fife, mashariki mwa Uskoti, mwendo mfupi kutoka mji wa St Andrews ambao watu huuita nyumbani kwa gofu. Baba alipata kazi ya kuendesha basi, na Mama katika nyumba ya kutunza wazee. Tulichogundua ni kwamba huku gofu si ya matajiri peke yao. Viwanja vya St Andrews ni mali ya umma, na wakazi wa eneo hili hununua tikiti ya mwaka mzima kwa bei nafuu. Mwalimu, fundi bomba na dereva wa basi wote hucheza. Kwa hiyo yule aliyekuwa akibeba fimbo za wageni akanunua fimbo zake mwenyewe, kuukuu, katika duka la vitu vilivyotumika.

Kisha ikaja Novemba yetu ya kwanza, na Baba akawaelewa wale wageni wa Nyali. Hawakuwa wakikimbia baridi tu. Walikuwa wakikimbia giza.

Saa saba kwa siku

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea mchana wa saa kumi na mbili, mwaka hata mwaka. Hatujawahi kuuhesabu mwanga, kama vile mtu wa kando ya ziwa asivyohesabu maji. Huku mwezi wa Juni mchana hupita saa kumi na saba, lakini Desemba zinabaki saba tu. Mama alikuwa akiingia kazini saa moja asubuhi gizani, na kutoka saa kumi jioni gizani.

Giza hili huwaingia watu wengine moyoni. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza kitaalamu hali ya watu wanaopatwa na huzuni nzito kila mwaka siku zinapofupika, na kupata nafuu siku zinaporefuka tena. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, na mwenye dalili zake amwone daktari. Mojawapo ya mambo yanayosaidia ni kutoka nje kukiwa na mwanga, hasa asubuhi.

Baba alikuwa mmoja wa watu hao, ingawa kwa miaka kadhaa hatukulijua jina lake. Tulichoona ni kwamba kuanzia Novemba aliishiwa na maneno, na kwamba siku alizocheza gofu alirudi na sauti yake.

Gofu ya baridi ina taratibu zake. Viwanja vya bara, vyenye udongo mzito, hujaa maji na kufungwa kwa majuma. Lakini vya pwani ya St Andrews vimekaa juu ya mchanga. Mvua hunywewa upesi, na bahari iliyo karibu haiachi theluji ikae muda mrefu. Ndiyo maana huchezwa mwaka mzima. Adui mkubwa ni sakitu, ule umande ulioganda. Majani yaliyoganda yakikanyagwa huvunjika kwa ndani, na baada ya siku chache nyayo huonekana nyeusi kana kwamba zimechomwa. Kwa hiyo watunzaji huwazuia wachezaji mpaka jua liyeyushe sakitu. Katika uwanja wa kale zaidi, Old Course, mchezaji wa miezi ya baridi hutembea na kipande cha mkeka wa nyasi bandia. Mpira ukitua kwenye nyasi fupi za njia kuu, huuweka juu ya mkeka ndipo apige, kwa sababu nyasi ikichimbuliwa wakati huo haioti tena hadi joto lirudi. Hata mpira wenyewe ukipoa hauruki vizuri, na hewa ya baridi, iliyo nzito, huupunguzia mwendo.

Mama alijifunza hayo yote kwa kusikiliza mezani. Lakini kulikuwa na hesabu moja ambayo hakuna aliyeitaja. Mchezo wa mashimo 18 huchukua kama saa nne. Sakitu humfanya mchezaji aanze saa nne asubuhi. Maana yake ni kwamba katika zile saa saba za mwanga, nne zilizo bora, za katikati ya mchana, zilikuwa za mtu mmoja.

Mwaliko wa Ureno

Wenzake Baba wa kazini walikuwa na desturi ya kwenda Algarve, kusini mwa Ureno, kila Februari kwa wiki moja. Kutoka hapa ni kama saa tatu kwa ndege hadi Faro. Zamani sehemu hiyo ilikuwa ya wavuvi na wakulima. Uwanja wake wa kwanza wa gofu, Penina, ulifunguliwa mwaka 1966. Mwingereza Henry Cotton, aliyewahi kushinda Open ya Uingereza mara tatu, aliuchora mahali palipokuwa na mashamba ya mpunga, akapanda miti kwa maelfu ili inyonye maji. Tangu hapo viwanja vimeongezeka, na watu wa kaskazini huteremka kila mwaka kama mbayuwayu. Februari huko si joto la Mombasa, lakini mtu hucheza na sweta moja, na jua lipo.

Baba alikwenda mwaka 2010 na mwaka 2011, kwa makubaliano yetu. Mwaka ule wa pili kitinda mimba wetu alikuwa na miezi michache. Wiki hiyo theluji ilianguka, gari halikutoka, na mtoto akashikwa na kifua. Mama alimbeba mgongoni kwa kanga na koti juu yake, akatembea naye hadi zahanati, wakubwa wawili wakimfuata nyuma. Mtoto alipona. Usiku Baba alipopiga simu, nyuma yake kulisikika vicheko na vyombo vya hotelini. Mama alimwambia mtoto hajambo, kisha akakata maneno.

Januari 2012 mwaliko ulipokuja tena, tulikaa mezani.

"Baba watoto, wewe unakwenda juani. Na sisi?"

"Mama, nisipokwenda nitazama."

Hakuna aliyesema uongo. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu ni rahisi kumaliza ugomvi ambao mmoja ana haki na mwingine hana. Ukiwa wote wana haki, mtafanyaje?

Daftari la wiki moja

Mama ndiye aliyeleta daftari la shule lililobaki kurasa tupu. Akasema, "Kabla hatujaamua, tuandike wiki moja tu: kila mtu wa nyumba hii amekaa nje kwenye mwanga kwa saa ngapi." Tuliandika kila jioni, hata watoto walifurahia. Jumapili usiku tukajumlisha. Baba alikuwa na saa kumi na moja. Mtoto wetu wa kwanza, kwa mapumziko ya shule, alikuwa na sita, wa pili tano. Mama alikuwa na mbili. Mtoto mchanga alikuwa na moja.

Hatukugombana. Baba aliliangalia daftari muda mrefu, kisha akasema hatakwenda Ureno mwaka huo, na kwamba pesa zile, karibu pauni 700, tuziweke kando mpaka tujue ni za nini.

Tusingependa mfikiri mambo yaliisha hapo. Februari ilipofika na wenzake wakaondoka, Baba hakusema maneno kumi kwa siku. Alikwenda kazini, akarudi, akakaa. Mama alianza kuogopa. Siku ya nne aliomba ruhusa kazini, akamwachia jirani mtoto, akamwambia Baba, "Chukua fimbo zako, twende wote."

Walikwenda, Mama akivuta kitoroli, amevaa soksi mbili na kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Upepo ulitoka baharini. Baba alipiga mpira wa rangi ya chungwa, ule wa kuonekana kwenye sakitu, nao ukaenda upande. Mashimo sita walitembea bila mazungumzo. Kwenye la saba Baba alisimama kumimina chai, akasema kwamba jambo gumu kwake si usiku, ni asubuhi. Kwamba kila Novemba huamka na kuogopa kuteremsha miguu kitandani. Kwamba anapojua atacheza, miguu huteremka. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na mmoja, na Mama hakuwa amelisikia hilo. Aliujua mchezo, akaijua na huzuni, lakini hakujua kwamba mmoja ulikuwa kamba ya kumvutia mtu kutoka kwenye shimo la nyingine.

Wiki iliyofuata tulikwenda wote wawili kwa daktari, akatusikiliza vizuri, na Baba akaanza matibabu.

Tulivyogawana

Tangu hapo tulikata shauri kwamba mwanga wa majira ya baridi ni kama chakula kilicho haba: hakiliwi na aliye karibu na sufuria, hupakuliwa. Tulipanga hivi.

Kwanza, gofu iendelee mwaka mzima, lakini katika baridi iwe mashimo tisa, si 18, asubuhi mbili kwa wiki. Hayo huchukua kama saa mbili, nayo yanatosha kuiamsha sauti ya Baba. Asubuhi nyingine alizokuwa huru, alimtoa mtoto nje kwa kigari. Gofu ya baridi haifai kukimbizana na hesabu ya mapigo, maana mpira hauendi mbali na vidole vimekufa ganzi. Ni ya kutembea na kupumua.

Pili, mchana wa Jumamosi ukawa wa Mama. Baba akapika, na Mama akatembea ufukweni West Sands, peke yake au na rafiki, bila mtu kumuuliza anarudi saa ngapi. Tulipoona hilo linatengemaa, Mama alikwenda pia kuucheza uwanja wa vilima vidogo wa chama cha akina mama cha St Andrews, chama kilichoanzishwa mwaka 1867. Enzi hizo haikuhesabiwa kuwa ni adabu mwanamke kuinua fimbo juu ya bega, basi akina mama wakapewa mahali pa kusukuma mipira mifupi, na hadi leo wanapo. Mama alicheza mara tatu, akacheka sana, akasema ufukwe unamtosha.

Tatu, Jumapili. Hapa mji wenyewe ulitusaidia. Uwanja ule mashuhuri, ambao watu huvuka bahari ili waucheze, hufungwa siku ya Jumapili, isipokuwa kwa mashindano machache makubwa. Hakuna anayepiga mpira. Badala yake familia huingia, watoto hukimbia, wazee hutembea na mbwa wao. Tom Morris Mzee, aliyeutunza uwanja huo karne ya 19, alikuwa mmoja wa waliopinga gofu ya Jumapili. Na mvutano kati ya gofu na wajibu ni wa zamani kuliko yeye. Mwaka 1457 bunge la Uskoti lilipiga marufuku gofu na kandanda kwa kuwa vilishindana na mazoezi ya upinde. Mwaka 1599 baraza la wazee wa kanisa la St Andrews liliona kwamba baadhi ya wazee hao wenyewe wanakwepa vikao ili wakacheze gofu, likawawekea faini! Tuliposoma hayo tulicheka, tukaona nyumba yetu si ya kwanza. Baada ya ibada sisi sote watano hutembea pale, tukipita kwenye nyasi ambazo siku nyingine hukanyagwa na wachezaji tu.

Nne, safari ya kufuata jua. Hatukusema safari ni mbaya. Tulisema jua ni la nyumba nzima. Zile pauni 700 zikawa mwanzo wa akiba, na Desemba 2013 sote watano tulikwenda Mombasa kwa bibi. Baba alibeba fimbo zake. Huko mambo ni kinyume: Uskoti mchezaji husubiri jua litoke, Mombasa hulikimbia. Alikuwa uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi kabla ya saa nne, kabla watoto hawajamaliza chai, na siku nzima ikabaki yetu. Mbeba fimbo wake alikuwa kijana wa umri aliokuwa nao yeye zamani. Baba alimlipa kwa moyo mweupe.

Tulirudi tena Desemba 2019. Wiki chache kabla hatujafika, wachezaji wanawake wa Ulaya walikuwa wamefanya mashindano yao Vipingo, Kilifi, kwa mara ya kwanza. Binti yetu alipewa habari hizo na shangazi zake, akatuuliza kwa nini hakuna aliyemfundisha. Majira hayo ya baridi ndiyo aliyoanza kwenda na baba yake.

Na Ureno? Baba huenda bado, lakini si kila mwaka. Hupishana na safari ya Mama ya kwenda Taita kumwona mama yake, peke yake, bila mtoto wala sufuria. Safari ya Mama ni ghali zaidi, kwa hiyo huchukua muda zaidi kuiwekea akiba, na Baba huingoja bila kununa.

Kwako dada

Dada mpendwa, huenda kwako hakuna theluji, na mumeo hajawahi kuishika fimbo ya gofu. Lakini kila nyumba ina saa zake saba, yaani muda mchache ulio mzuri, ambao kila mtu anautamani. Kwako labda ni Jumamosi mchana, au ile saa moja jioni kabla ya chakula. Kabla ya kuupiga vita mchezo wa mumeo, uliza mchezo huo unamsaidia nini; unaweza kusikia jambo ambalo hukulisikia tangu harusi. Na kabla ya kunyamaza ukisema mama ni wa kuvumilia, andika. Chukua daftari, wiki moja tu, kila mtu na saa zake za kupumzika. Usiandike lawama, andika tarakimu. Tarakimu hazipigi kelele, na mume mwenye upendo akiziona atajua la kufanya. Akishindwa kujua, mwambie kwa upole, naye akuambie lake.

Tena ukimwona mwenzako anazima kila mwaka majira yale yale, usiseme amebadilika. Mpeleke kwa daktari, mwende wote wawili.

Watoto wetu sasa ni wakubwa, na yule aliyebebwa mgongoni kwenye theluji amempita mama yake kwa urefu. Novemba bado huja, na Baba bado huiogopa kidogo. Lakini kila Jumapili usiku mmoja wa watoto huuliza, nusu kwa utani, "Wiki hii Mama amepata saa ngapi?" Nasi humjibu.

Tunawatakieni amani na mwanga wa kutosha nyumbani mwenu.